Nyumba ya Siku ya Jumanne

Tryphosa alifua filamu ya kamera. Hakukusudia, lakini filamu ikishafuliwa haiulizi nia ya mtu. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati la kazi la mume wake, Abner, ikazama ndani ya beseni pamoja na soksi na sare za watoto, ikasuguliwa, ikakamuliwa, na Tryphosa alipoisikia inagonga ukingo wa beseni kama kokoto, ilikuwa imekwisha kunywa maji ya sabuni ikashiba.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya maandalio, na Ijumaa alasiri nyumba ya Msabato haina mchezo. Kila kilicho kichafu kinafuliwa, kila kitakacholiwa kesho kinapikwa, viatu vinapakwa rangi, kuni zinapasuliwa, na jua likitua mikono inatulia. Siku nyingine Tryphosa hukagua mifuko kabla ya kufua. Ijumaa hana nafasi hiyo.

"Baba Moraa!" aliita. "Kuja uone. Hiki ni nini?"

Abner alikuwa anapasua kuni nyuma ya jiko. Akaja na shoka mkononi. Akaona kile kidude cheusi juu ya kiganja cha mkewe, kimevikwa povu, naye akaliweka shoka chini polepole kama mtu anayeweka mayai.

"Hiyo," alisema, "ndiyo nyumba yetu."

"Nyumba gani? Nyumba si hii hapa?"

"Ile ya kumwonyesha mzee."

Tryphosa akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Sasa alikuwa ameelewa.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake Abner, Nyamoita, alikuwa ameteleza kwenye matope karibu na hori la ng'ombe akavunjika nyonga. Hospitalini walimtia chuma, wakamrudisha nyumbani Sironga, wakasema atahitaji mtu wa kumgeuza, kumwogesha na kumwinua kwa miezi mingi. Mzee Ogeto, mume wake, hana nguvu hizo tena. Basi palikuwa na sehemu mbili za kumpeleka. Ya kwanza ni Kenyenya, kwa binti yake Gladys, mwenye nyumba ya vigae na geti la chuma. Ya pili ni kwa Abner, ng'ambo tu ya uwanja, mahali ambapo mzee angeweza kukohoa kwake na mkewe akajua ni yeye.

Nyamoita alisema anataka kwa Abner. Hakuna aliyemwamini. Ni mwanamke ambaye ukimuuliza atakula nini husema chochote, na akiumwa husema haumwi, na watoto wake wakikosa huwafunika wote kwa shuka moja. Gladys alisema nyumba ya Abner ina unyevu na moshi, tena Tryphosa hajawahi kumruhusu mama yao apite mlango. Humpa chai nje kama mgeni wa kuuza kuku. Abner alikana, lakini neno hilo lilikuwa limeshamwingia mzee. Na mzee ndiye wa kukata shauri.

Sasa mtu atauliza, kwa nini mzee asivuke uwanja akajionee? Hawezi. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima kati ya mkwe na mkwe, na Mgusii hulelewa nayo kama anavyolelewa na ugali. Wapo wanaojifanya wameiacha, waliosoma na walioishi mjini, lakini hata hao wakifika kizingitini miguu yao hukumbuka. Mzee Ogeto alisimamia ujenzi wa nyumba ile mpaka paa likafika juu. Siku Tryphosa alipoingia kama mke, mzee alitoka na hajarudi. Mvua ikimkuta hapo husimama chini ya paa akiuangalia mlango uliofunguliwa kama mtu anayeangalia ng'ambo ya mto.

Abner alikuwa amemwambia, "Tata, nitakupigia picha za ndani na simu, uone mwenyewe."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Simu? Simu ndiyo ilinionyesha mtamba wa yule dalali wa Suneka. Kwa simu alikuwa ananing'iniza kiwele kama mtungi. Aliyeshuka kwenye pikapu alikuwa mbuzi aliyekosea njia. Simu inapaka watu poda, Abner. Inapaka mpaka ng'ombe."

"Basi nitapiga na ile kamera yangu ndogo."

"Ukipiga leo utakuwa umefagia. Mkeo atatandika vitambaa. Mimi sitaki kuona nyumba ya wageni. Nataka nyumba ya siku ya Jumanne, wakati hakuna mtu anakuja."

Hapo Abner alikuwa ameguswa na furaha, kwa sababu nyumba ya Jumanne alikuwa nayo tayari, mfukoni.

Kamera ile aliipata Suneka, kwenye rundo la mikoba ya mitumba. Muuzaji alidhani ni redio mbovu. Ni ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, nyeusi, ina kifuniko unachokisukuma kwa kidole gumba na lenzi inatokea, na kitufe kimoja. Ukibonyeza inasema *tik*, kisha filamu inajivuta yenyewe ndani kwa sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye kibiriti. Basi. Hakuna cha kuchagua wala cha kufuta.

Abner ananunua ndizi kwa wakulima na kuzipakia kwenye malori. Utomvu wa ndizi humgandia vidoleni ukawa mweusi kama lami, na simu ya kupapasa haitambui vidole vya namna hiyo. Unaisugua nayo inakukodolea macho. Kamera haikujali utomvu. Ilikaa kwenye mfuko wa shati siku nzima, na akiona kitu kinampendeza, mkungu uliokaa vizuri, ukungu umelalia majani chai, mkulima akibishana na mzani, aliitoa akabonyeza na kurudi kazini. Hakusimama kuangalia kama imetoka vizuri. Hilo ndilo alilolipenda. Picha ilikwenda gizani, naye akaendelea na maisha yake, na baada ya miezi bahasha ilikuja na kumkumbusha mambo aliyokuwa ameyasahau. Na kwa vile filamu si kitu cha kuokota, mtu hupiga picha moja akatosheka. Hapigi ishirini za sahani ileile.

Nyumbani kamera hiyo ndiyo peke yake iliyoruhusiwa. Siku moja Abner alikuwa amempiga Tryphosa picha kwa simu akisonga ugali, amevaa leso iliyochanika, akaiweka kwenye kundi la ukoo. Kabla ugali haujaiva shemeji aliyeko Qatar alikuwa ameshauliza kama wanahitaji kuchangiwa nguo. Tangu siku hiyo Tryphosa aliweka sheria: ndani ya nyumba yake simu isiinuliwe usoni mwa mtu. Lakini kile kidude hakikuwa na pa kupeleka picha. Alikinunia wiki moja, kisha akakisahau, kama mtu anavyosahau paka. Kwa hiyo filamu ile ya tangu Februari ilikuwa na watu wasiojua kwamba wanaangaliwa, na ilipigwa kabla Nyamoita hajaanguka, kabla mtu yeyote hajafikiria kikao cha kuamua atalala kwa nani. Hakuna namna ya kuipiga upya. Abner alikuwa aipeleke Kisii asubuhi hiyo, itumwe Nairobi kwa kinyozi wa filamu, kama anavyomwita rafiki yake Makori anayefanya kazi kwenye duka la picha. Lori la ndizi likawahi, naye akaiacha kwenye shati.

Na sasa ilikuwa imefuliwa.

"Tufanye nini?" Tryphosa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Abner alifanya ambalo kila mtu Nyamira hulifanya simu ikianguka kwenye karai. Simu huzikwa kwenye mchele mpaka maji yote yatoke. Mchele hawakuwa nao. Walikuwa na gorogoro la wimbi, kopo zima la kupimia nafaka, lililokuwa linangoja kusagwa. Abner akaifuta filamu kwa upindo wa fulana, akaisukuma katikati ya wimbi mpaka ikazama, akafunika, akaweka juu ya kabati lenye joto la jiko. Alijiona mtu mwenye akili.

"Mpigie Makori," Tryphosa alisema.

Abner akatazama nje. Jua lilikuwa limeshapotea nyuma ya mikaratusi. Watoto walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kufungulia Sabato.

"Imeingia," alisema.

"Imeingia," Tryphosa alikubali, akakunja mikono.

Usiku huo Abner hakulala vizuri, na asubuhi kanisani mahubiri yalimpita kama upepo kwenye matundu ya uzio. Mzee wa kanisa alisoma, watu wakasema amina, yeye alikuwa ndani ya gorogoro la wimbi. Kabla ya chakula cha mchana alishindwa. Alijifanya anakwenda chooni, akazunguka akaingia kwenye migomba, akatoa simu akampigia Makori, akiangaza nyuma kama mwizi wa kuku.

Simu ya Makori ilikuwa imezimwa. Makori naye ni Msabato.

"Ulikuwa wapi?" Tryphosa alimuuliza alipoketi mezani.

"Tumbo."

"Tumbo lako lina mtandao siku hizi? Nimeona simu ikimeremeta kwenye migomba."

Abner akala viazi vyake. Alikuwa ameivunja Sabato na hakupata chochote.

Jua lilipotua tena hakungoja hata wimbo wa kufungia uishe. Makori akapokea.

"Ndugu yangu, filamu imefuliwa."

"Pole. Iko kwenye maji?"

"La, nimeikausha. Nimeiweka kwenye wimbi."

"Kwenye nini?"

"Wimbi. Mchele hatuna."

"Abner! Filamu si simu! Ile ni gundi tupu ndani, ikikauka ikiwa imejikunja inashikana kama mandazi kwenye mfuko! Itoe! Irudishe majini! Maji safi, baridi, saa hii, mimi niko hapa nasikiliza!"

Abner alimwaga wimbi sakafuni. Tryphosa akaja na chupa ya siagi ya karanga iliyooshwa, yenye kifuniko cha kukaza. Wakajaza maji ya mvua, wakaitumbukiza filamu. Ikatoa mapovu madogo matatu na kutulia chini.

"Sasa usiiguse," Makori alisema. "Usivute ule ulimi wake uone kama iko sawa. Najua watu wenu. Ifunge, itie gizani, unitumie hivyohivyo ikiwa ndani ya maji."

"Itakuwa imepona?"

"Mimi si daktari. Tuma."

Jumapili asubuhi Abner alikuwa mjini Kisii kwenye ofisi ya mizigo ya basi, chupa imevishwa soksi nyeusi ya shule. Karani, msichana aliyeitwa Jacinta kwa mujibu wa beji yake, aliivua soksi ile kwa ncha za vidole.

"Mzee, hatubebi pombe."

"Si pombe. Ni picha."

"Picha ziko wapi?"

"Ndani ya maji."

Jacinta akaiinua chupa kwenye mwanga, akaitikisa. Abner akaruka. "Usitikise!"

"Hiki ndicho picha?"

"Ni picha za nyumba yangu. Hazijatoka bado."

Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni, mwenye kuku wawili wamefungwa miguu, akasema kwa Ekegusii kwamba siku hizi uchawi unatumwa hata kwa basi. Watu wakacheka. Abner naye ingebidi acheke lakini mdomo ulikataa.

"Sikiza, mwanangu," alimwambia Jacinta, akiegemea kaunta. "Mama yangu amevunjika. Hiyo chupa ndiyo itasema atalala kwa nani. Andika unachotaka juu yake. Andika dawa. Andika achari. Lakini iende."

Jacinta alimwangalia kidogo, akairudishia ile chupa soksi yake, akaifunga mzunguko mara nyingi kwa selotepu. Juu yake akaandika: KIOO. SIMAMISHA. Kisha akaiweka si kwenye rundo la mizigo, ila chini ya kiti chake mwenyewe. "Nitampa dereva mkononi," alisema. "Na hao wenye kuku wasikusumbue."

Wiki hiyo ilikwenda kwa kuchechemea. Gladys alipiga simu kuuliza kikao ni saa ngapi na kutangaza kwamba ameshanunua godoro gumu, lile la kupendekezwa na madaktari. Mzee aliuliza mara moja tu, "Zile karatasi?" Abner akajibu, "Ziko njiani, Tata," na hakusema ni njia gani. Nyamoita, ambaye kitanda chake kilikuwa kimesukumwa dirishani kwa mzee ili apate jua, alimwita Abner akipita na mkungu begani.

"Mbona umekonda? Ni mimi niliyevunjika ama ni wewe?"

"Ni kazi, Mama."

"Wewe na baba yako hamjui kudanganya. Mnafaa kujifunza kwangu."

Jumatano Makori akapiga. Abner aliweka chini panga na kujifuta mikono, kana kwamba habari ingeweza kuchafuka.

"Umenifanya nifanye kazi kwa mkono kama babu yangu," Makori alisema. "Mashine ingekataa uchafu huo. Za mwanzo zimeshikana, hizo sahau. Zilizobaki zina madoa. Kuna moja ina kitu nadhani ni punje ya wimbi. Lakini watu wanaonekana."

Abner akakaa chini, hapohapo, juu ya majani ya migomba yaliyolowa. "Wanaonekana?"

"Wanaonekana. Nikutumie kwa simu uone?"

"Usitume kwa simu. Nipe karatasi. Na zile negativu zake, ile filamu yenyewe, uweke ndani."

Bahasha ilifika Ijumaa. Aliifungua kwenye kivuli cha ofisi ya mizigo, na ile raha yote ikamtoka. Nyumba ilikuwepo, kweli. Ilikuwepo mno. Kwenye picha moja kuku amesimama juu ya meza kama mwenye nyumba. Kwenye nyingine moshi wa jiko umejaa mpaka kalenda haisomeki. Vyombo havijaoshwa. Mtoto hana suruali. Tryphosa amelala kwenye kochi alasiri, mdomo wazi, mguu mmoja juu. Rangi zenyewe zilikuwa zimeingiwa na kizambarau pembeni, kama jeraha linalopona. Abner akaona jinsi Gladys atakavyocheka.

Alimwonyesha Tryphosa jikoni. Mwanamke akaziangalia zote, uso umekakamaa.

"Toa hii ya kuku," alisema.

"Nikitoa ya kuku nitatoa ya moshi. Nikitoa ya moshi nitatoa yako umelala. Tutabaki na kalenda."

"Unataka baba mkwe wangu anione nimeachama hivi? Hata mkono hatusalimiani, mimi na yeye, kwa heshima, halafu anione nimelala?"

Abner akaona neno hilo lina uzito. Alilifikiria sana. Mwishowe alisema, "Alisema Jumanne. Hii ndiyo Jumanne yetu. Tukichagua, tumekuwa simu."

Tryphosa akaepua maji yaliyochemka. Kisha akaichukua ile picha yake mwenyewe akiwa amelala, akaiangalia tena kwa karibu, karibu sana, na uso wake ukabadilika kidogo. Akairudisha kwenye bahasha. "Peleka zote," alisema.

Jumapili walikaa kwenye baraza ya mzee. Gladys alikuja na gauni zuri, kikapu cha mikate na lile godoro gumu la kumbebea mama, Tryphosa akakaa pembeni mwishoni kabisa mwa benchi, upande ambao hatatazamana na mkwe wake. Dirisha la Nyamoita lilikuwa wazi juu ya vichwa vyao, na kila mtu alijua kwamba anasikiliza. Mzee Ogeto akafuta miwani, akafungua bahasha, akaanza kuzipitia moja moja, akiinamisha kila picha kwenye mwanga.

Gladys hakuvumilia. Alinyoosha shingo. "Oneni! Kuku juu ya meza! Sisemi mimi, picha inasema. Na moshi huo, Tata, mapafu ya Mama yataweza moshi huo?"

"Moshi wa Tryphosa si wa kigeni," sauti ikatoka dirishani. "Nyinyi nyote niliwalea kwa moshi na mko hai mnapiga kelele."

"Mama, wewe nyamaza kwanza, tunakuzungumzia."

"Ndiyo maana nasikiliza."

Mzee alikuwa hasikii hata mmoja wao. Alikuwa ameirudia picha ya kuku, akaileta karibu na pua.

"Huu ni mguu wa nani?" aliuliza.

Abner akasogea. Pembeni kabisa mwa picha, chini, palikuwa na mguu mmoja tu, ndani ya kandambili ya bluu iliyoshonwa kwa waya. Yeye alipoipiga alikuwa akimwangalia kuku. Hakuwa ameuona mguu ule, wala siku ile wala juzi.

Mzee aliujua. Ndiye aliyeishona ile kandambili.

Akachukua picha ya moshi. Nyuma ya moshi, kwenye kigoda, palikuwa na mgongo na kitambaa cha kichwa cha manjano. Akachukua ya vyombo: mkono mmoja unachambua mboga kwenye ungo. Ya mtoto asiye na suruali: mtoto anakimbilia magoti ya mtu, na magoti yale yana kanga ya Nyamoita. Mzee alianza kuzigawa juu ya benchi, mafungu mawili, na fungu moja likawa linakua. Mwisho alifika kwenye ile ya Tryphosa amelala. Kwenye kochi hilohilo, upande wa pili uliomezwa na kile kizambarau, alikuwa amelala Nyamoita naye, mdomo wazi vilevile, amefunikwa miguu kwa shali ya mtoto. Mguu wa Tryphosa ulioinuka ulikuwa umelalia paja la mama mkwe wake, nao wote wawili walikuwa wamechoka na wametosheka, kama dada.

Mzee akaigeuza ile haraka kwa ajili ya heshima, akaiweka kifudifudi juu ya fungu. Lakini alikuwa ameshaona.

"Nyamoita," aliita bila kuinua kichwa. "Wewe alasiri ulikuwa unaniambia unakwenda kuchuma mboga."

"Na zilikuwa zinachambuliwa wapi, hewani?"

"Kila siku?"

"Wewe ulikuwa unalala. Hukuwahi kuuliza mboga inachukua muda gani."

Abner alicheka kwanza. Kicheko kilimtoka kama kikohozi kilichokuwa kimezuiliwa wiki nzima. Tryphosa akaficha uso kwenye leso, mabega yanatikisika.

Mzee hakucheka. Alimgeukia binti yake. "Gladys. Ulisema hajawahi kupita mlango."

"Niliambiwa, Tata."

"Na nani?"

Gladys alizungusha mpini wa kikapu. "Watu." Kisha, kwa sauti nyingine, isiyo na geti wala vigae, "Mimi pia ni mtoto wake. Nilitaka tu aje kwangu. Tangu niolewe amelala kwangu mara ngapi?"

Mzee akazirudisha picha kwenye bahasha. Aliinuka, akaenda dirishani.

"Unataka kulala wapi?"

"Ogeto, nimesema tangu hospitalini! Ni mpaka niseme kwa karatasi ndiyo mnasikia?"

"Basi kwa Abner," mzee alisema, na shauri likakatwa.

Walimbeba jioni hiyohiyo, juu ya lile godoro jipya la Gladys, kwa sababu lilikuwa godoro zuri na Gladys mwenyewe alilisukuma mbele akasema chukueni. Nyamoita aliwaamrisha njia nzima: kushoto, polepole, mnanibeba kama gunia la majani chai. Mzee Ogeto alitembea ubavuni mwake, ameshika ncha ya blanketi, mpaka kizingitini. Hapo aliachilia ile ncha, akasimama. Mlango ukammeza mkewe. Akazunguka nyumba, akatafuta dirisha lililokuwa na sauti yake, akaomba kigoda. Tryphosa alikitoa nje, akakiweka chini, akarudi nyuma bila kumtazama usoni. Mzee akakaa, akakohoa.

"Nakusikia," Nyamoita alisema kutoka ndani.

Abner aliketi kwenye rundo la mikungu, mikono yake myeusi kwa utomvu, akahisi mgongo wake unalegea mfupa mmoja mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya beseni kuona jua linatua bila kulihofia.

Gharama yenyewe ilikuwa hivi. Picha kumi na nne za mwanzo zilishikana na hazitafunguka kamwe, pamoja na ile ya Moraa siku alipong'oka jino la kwanza. Wimbi lote la gorogoro lilinuka sabuni, likamwagiwa kuku. Sabato moja ilivunjwa ndani ya migomba bila faida. Tryphosa aliomba, na akapewa, ahadi kwamba yeye asipigwe picha tena akiwa amelala. Na Gladys aliondoka jioni hiyo bila kunywa chai, akapeleka mikono mitupu Kenyenya, akakaa miezi miwili hajampigia ndugu yake simu.